Magunzi, jozi au pini: kuchagua kitu cha kusafishia maganda ya risasi kabla ya kuyajaza upya

Msomaji anayeishi Ohio, Marekani, ameniandikia kwamba ameanza kujaza upya risasi za bunduki yake ya shabaha ya .308 Winchester na za bastola yake ya 9 mm, na kwamba kila aliyemuuliza kuhusu usafishaji wa maganda amempa jibu lake. Mmoja amemwambia atumie chenga za magunzi ya mahindi, wa pili amemtajia chenga za maganda ya jozi (kokwa iitwayo walnut), wa tatu amemsisitizia pini za chuma ndani ya maji, na rafiki yake anataka kumuuzia kwa bei ya chini mashine yake ya zamani ya kutikisa pamoja na chenga zilizomo. Kazi yote ataifanyia kwenye gereji iliyoungana na nyumba, ambamo pia mna mashine ya kufulia nguo, na ana watoto wawili ambao bado hawajaanza shule. Anauliza achague nini, na kama mchele au mchanga wa kawaida hauwezi kumpunguzia gharama.

Ndugu yangu, kwa hali uliyoieleza, nakushauri usafishe maganda machafu kwa maji, ndani ya pipa la kuzungusha, na chenga kavu za magunzi uziweke kwa kazi moja ndogo ya mwishoni, wakati maganda yameshakuwa safi. Ungekuwa unaishi peke yako na una banda la kazi nje ya nyumba, pengine ningekujibu vingine. Watu wengi huchagua kwa kutazama mng'aro wa ganda linapotoka kwenye mashine. Mimi nakuomba utazame kwanza uchafu unakwenda wapi ukishatoka kwenye ganda, kisha utazame ganda lenyewe limebaki katika hali gani, na mng'aro uje mwisho kabisa.

Kabla sijaendelea, niwaeleze wasomaji walioko Afrika Mashariki kwamba hapa nazungumzia Marekani, ambako sheria ya shirikisho haimdai mtu leseni kwa risasi anazojijazia kwa matumizi yake mwenyewe, bali humdai anayezitengeneza kwa biashara. Kenya na Tanzania utengenezaji wa risasi unadhibitiwa kwa leseni, na haya ninayoyaandika hayampi mtu ruhusa ya kuyajaribu huko.

Ganda la risasi hutengenezwa kwa shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki. Likishafyatuliwa, hubaki na aina mbili za uchafu. Nje hushika mchanga, udongo na vumbi la uwanja wa shabaha, na ndani hushika masizi ya baruti pamoja na mabaki ya fataki, yaani kile kijikopo kidogo cha kwenye kitako kinachowasha baruti. Udongo wa nje ndio hasa unaotulazimisha kusafisha, kwa sababu ganda linapoingizwa kwenye kalibu ili lirudi kwenye ukubwa wake, chembe moja ya mchanga hukwaruza ganda, na ikinasa kwenye kalibu huendelea kukwaruza kila ganda linalofuata. Masizi ya ndani, kinyume chake, hayana madhara makubwa. Mtu anaweza kujaza ganda lenye masizi membamba ndani likafanya kazi yake vizuri kabisa, ilimradi nje ni safi.

Ila mabaki ya fataki ndiyo yanayonifanya nikujibu kwa msisitizo. Fataki nyingi za kawaida zina stifineti ya madini ya risasi, nitrati ya bariamu na salfaidi ya antimoni, na zinapowaka huacha ndani ya ganda unga mwembamba wenye madini ya risasi. Haisaidii kwamba vichwa vya risasi unavyotumia vimefunikwa kwa shaba pande zote, kwa kuwa unga huo unatoka kwenye fataki yenyewe. Ukiyatia maganda hayo kwenye mashine ya kutikisa yenye chenga kavu, kila chembe inasugua, inabeba unga, na kwa muda wa saa kadhaa mtikisiko unaufanya unga huo kuwa vumbi. Unapofungua mfuniko vumbi hilo linapanda usoni, na unapoyachekecha maganda ili kuyatenga na chenga linapanda mara mbili zaidi. Linatua juu ya meza, juu ya sakafu na juu ya nguo zilizokunjwa kando ya mashine ya kufulia. Mtoto anayetambaa au anayeweka mikono mdomoni atalipata bila wewe kujua. Mwaka 2021 taasisi ya udhibiti na uzuiaji wa magonjwa ya Marekani, CDC, ilishusha kiwango chake cha rejea cha madini ya risasi katika damu ya mtoto kutoka mikrogramu 5 hadi mikrogramu 3.5 kwa desilita moja, na hicho ni kiwango cha kutambulisha watoto walioathirika zaidi kuliko wenzao, wala si mpaka wa usalama. Kiasi kidogo namna hiyo hakionekani kwa macho wala hakinusiki.

Sasa tuzitazame chenga zenyewe moja moja, maana kila mmoja wa washauri wako alikuwa na sababu yake.

Chenga za magunzi ni magunzi ya mahindi yaliyokaushwa, yakasagwa na kuchekechwa kwa vipimo. Ni laini kiasi, hunyonya mafuta vizuri, na zikichanganywa na dawa ya kung'arisha hutoa mng'aro mzuri kuliko chenga nyingine zote kavu. Udhaifu wake ni kwamba hazikati uchafu mkavu. Ganda lililolala kwenye tope wiki nzima litang'aa likiwa bado na madoa yake. Kipimo cha kuulizia ni kile kinachoandikwa 20/40, yaani chembe zilizopita kwenye chekecheo la matundu 20 kwa inchi zikabaki kwenye lile la matundu 40, ambazo ukubwa wake ni kati ya takriban milimita 0.4 na 0.85. Ninakutajia kipimo hiki kwa sababu tundu la kupitishia moto lililo kwenye kitako cha ganda, katikati ya kikombe cha fataki, lina upana wa milimita 2 hivi. Chembe za 20/40 hupita humo zenyewe. Zile kubwa zaidi za 14/20, ambazo ndizo zinazouzwa mara nyingi kama matandiko ya ndege na panya wa kufugwa, hukwama mbili au tatu pamoja, na utajikuta unazitoa kwa ncha ya waya, ganda baada ya ganda.

Chenga za jozi, ile kokwa ngumu ambayo Wamarekani huita walnut, husagwa kutoka kwenye ganda gumu la nje. Ni ngumu na zenye kingo kali kuliko magunzi, kwa hiyo hukata uchafu upesi zaidi, ila huacha shaba ikiwa imefifia kidogo, na vumbi lake ni jingi. Baadhi huuzwa zikiwa zimeshachanganywa na unga mwekundu wa oksidi ya chuma unaotumiwa na masonara. Unga huo huganda ndani ya ganda na kwenye vidole, hautoki kirahisi, na sioni faida yake hata kidogo. Anayefanya kazi kavu kwenye banda lililo mbali na nyumba, nami nikiwa ndiye mshauri wake, ningemwambia aanze na jozi tupu kwa saa mbili au tatu na amalizie kwa magunzi.

Kwa chenga kavu za aina yoyote, dawa ya kung'arisha huwekwa kidogo, kifuniko kimoja cha chupa, na mashine huachwa itikise chenga peke yake kwa dakika kadhaa kabla ya kutia maganda, vinginevyo dawa hufanya madonge yanayonasa ndani ya shingo. Kipande cha karatasi ya kupangusia kilicholoweshwa kidogo na kutupwa ndani husaidia kukusanya vumbi, na watu hukibadilisha kila mara. Husaidia, ila hakimalizi tatizo, na mwenye watoto ndani ya nyumba asikitegemee.

Mchele unafaa, na wako wapiga shabaha makini wanaoupenda. Husugua polepole, hunyonya mafuta, na hautoi vumbi jingi la kwake, ingawa vumbi la fataki linabaki palepale. Kasoro yake ni umbo. Punje ndefu huingia kwenye tundu la kupitishia moto na kukwama humo, kwa hiyo mchele utumie ganda likiwa bado na fataki yake kuukuu, au utafute ule wa punje fupi na ukague kila tundu. Mchele uliokwisha kutumika ni sumu, utiwe alama na usirudi jikoni kwa namna yoyote ile, hata kwa kuku.

Mchanga usiutumie. Chembe zake ni ngumu kuliko shaba na hata kuliko chuma cha kalibu nyingi, huacha michirizi juu ya ganda, nyingine hudidimia kwenye shaba na kubaki humo, na kutoka hapo huingia kwenye kalibu na hatimaye kwenye chemba ya bunduki. Hapo tutakuwa tumeingiza kwa mkono wetu kitu kile kile tulichokuwa tunakisafisha.

Mashine ya rafiki yako ichukue ikiwa ni nzima, ila chenga zilizomo usizichukue. Chenga zilizotumika muda mrefu hugeuka kijivu, na kijivu hicho ni masizi na madini ya risasi. Mwombe abaki nazo, au zifungeni kwenye mfuko wa plastiki mara mbili na kuzipeleka kwenye kituo cha kukusanyia taka hatarishi za majumbani cha eneo lenu. Bakuli lipangusie nje ya nyumba kwa kitambaa chenye maji na sabuni kabla halijavuka mlango wa gereji.

Sasa nije kwenye njia ya maji, ambayo ndiyo ninayokupendekezea. Hapa maganda hutiwa ndani ya pipa dogo lenye mfuniko usiovuja, pamoja na maji, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na asidi kidogo ya ndimu ya unga, na mashine hulizungusha pipa likiwa limelala. Uchafu wote, pamoja na unga wa fataki, unabaki ndani ya maji. Hakuna cha kupeperuka. Maji hayo machafu hayafai kumwagwa bustanini wala kwenye sinki la jikoni. Yamwage kwenye bomba la majitaka linalokwenda kwenye mtambo wa mji, na ikiwa nyumba yako inatumia shimo lake yenyewe la majitaka, yakusanye kwenye dumu na uulize kituo hicho hicho cha taka hatarishi.

Pini ambazo mshauri wako wa tatu alizisifia ni vipande vya waya wa chuma kisichoshika kutu, vyenye unene wa takriban milimita 1.2 na urefu wa milimita 6.5. Uzito wake ndio unaofanya kazi: zinaingia ndani ya ganda, zinafika kwenye pembe za kikombe cha fataki, na zinakwangua masizi mpaka shaba inaonekana ndani na nje kama ganda jipya. Kichocheo kinachotumiwa na wengi kwa pipa la ukubwa wa wastani ni pini kilo 2.3, maji lita 3.8, maganda yasiyozidi kilo 0.9, vijiko viwili vikubwa vya sabuni na robo ya kijiko cha chai ya asidi. Ganda la .308 lina uzito wa gramu 11 hivi na la 9 mm gramu 4 hivi, kwa hiyo kwa mkupuo mmoja utasafisha maganda kama 80 ya bunduki au 220 ya bastola. Pini haziliki, na seti moja inaweza kukutumikia miaka mingi. Usizitie kwenye mashine ya kutikisa ya rafiki yako, kwani ni nzito mno kwake.

Hata hivyo sikushauri uzitumie kila mara. Kwa maganda ya 9 mm huzihitaji kabisa. Maji ya uvuguvugu, sabuni, asidi na kusuguana kwa maganda yenyewe kwa saa moja vinatosha kuondoa udongo na unga, na kinachobaki ni rangi ya kijivu ndani ya kikombe cha fataki ambayo haidhuru chochote. Kwa .308 nakuomba uzitumie kwa nadra, tuseme baada ya ganda kufyatuliwa mara kadhaa, na kwa muda mfupi, saa moja au moja na nusu. Zipo sababu mbili. Ya kwanza ni mdomo wa ganda. Maganda yanapozunguka kwa saa nyingi hugongana midomo, na kingo zake hupondeka zikafanya ukingo mdogo unaojikunja kwa ndani. Ukipitisha ukucha utausikia. Ukingo huo hukwangua kichwa cha risasi kinapoingizwa, na utalazimika kuukata upya kwa kikatio cha mdomo. Kujaza pipa maganda na maji vizuri, badala ya kuacha nafasi kubwa tupu, hupunguza kugongana huko, lakini muda mfupi hupunguza zaidi.

Sababu ya pili inamhusu mpiga shabaha anayejali usawa wa risasi zake. Yale masizi membamba ndani ya shingo hufanya kazi kama kilainishi. Pini zikishayaondoa yote, kichwa cha risasi kinakutana na shaba tupu, na nguvu ya kukiingiza hupanda na kubadilika kati ya ganda na ganda. Unapovuta mkono wa mashine unahisi kichwa kimoja kinateleza na kinachofuata kinakwama kisha kinaruka. Ndiyo maana wengine hupaka unga wa grafaiti kidogo ndani ya shingo baada ya kuosha kwa pini. Mimi naona ni afadhali kutoyaondoa masizi hayo tangu mwanzo kuliko kuyaondoa kisha kutafuta mbadala wake.

Ukitumia pini, kila ganda likaguliwe moja moja kabla ya kuendelea. Pini mbili huweza kukingamana ndani ya shingo, hasa kwenye maganda ya kipenyo kidogo kama .223, na pini moja huweza kusimama kwenye tundu la kupitishia moto. Litikise ganda karibu na sikio, kisha lielekeze kwenye mwanga ukichungulia mdomoni mpaka uone tundu la chini likiwa duara kamili. Pini iliyobaki ndani hupunguza nafasi ya baruti, na ikifyatuliwa hupita ndani ya mtutu pamoja na kichwa. Sumaku husaidia kukusanya pini zilizotawanyika kwenye beseni, lakini usiitegemee kwa ukaguzi wa ndani ya ganda, kwa sababu aina nyingi za chuma hiki huvutwa na sumaku kwa udhaifu sana.

Kuhusu asidi, robo ya kijiko maana yake ni robo ya kijiko. Asidi huondoa oksidi iliyofanya shaba iwe ya kahawia, ila ikizidi, au ganda likilala ndani yake usiku kucha, huanza kula zinki iliyomo kwenye mchanganyiko na kuacha shaba nyekundu peke yake juu. Utaona ganda limekuwa na rangi ya waridi. Waridi hafifu ya juu juu inaweza kuondoka kwa kusuguliwa, lakini ganda lililogeuka waridi kwa kuloweka muda mrefu mimi silijazi tena. Siki pia inafanya kazi hiyo, ila nguvu yake hutofautiana kati ya chupa na chupa, na unga unaopimika ni bora.

Amonia iwe mbali kabisa na maganda yako. Dawa kadhaa za kung'arishia shaba za nyumbani, Brasso ikiwa mojawapo, zimekuwa na amonia, nayo hushambulia shaba ya manjano kwa namna ambayo haionekani mpaka siku ganda linapopasuka. Jeshi la Uingereza lilikutana na jambo hili nchini India, ambako risasi zilizohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa majira ya mvua zilikutwa na nyufa, hasa pale shingo ilipobana kichwa. Ufafanuzi ulipatikana mwaka 1921, katika kazi ya Moore, Beckinsale na Mallinson: amonia itokanayo na mkojo wa farasi, ikikutana na shaba ambayo bado ina mkazo wa kufinyangwa ikiwa baridi, huipasua. Ganda lako lina mkazo wa namna hiyo hiyo, tena hupata mpya kila linapopita kwenye kalibu. Kwa hiyo chupa yoyote ya kung'arishia, hata ile ya gari, soma kwanza kilichoandikwa nyuma yake.

Kukausha ndiko kunakowachosha wengi na kuwafanya waikimbie njia ya maji. Suuza maganda kwa maji safi mara mbili au tatu mpaka povu liishe, yamwage juu ya taulo kuukuu, shika ncha zake mbili na uyaviringishe huku na huku ili maji ya ndani yatoke. Kisha yaanike juani, au yaweke kwenye mashine ya kukaushia matunda ambayo haitarudi tena kukausha matunda. Wako wanaotumia jiko la oveni kwa moto usiozidi nyuzi 90 za Selsiasi, na kwa kweli joto hilo halidhuru shaba, lakini sitakushauri kutumia oveni ya chakula cha watoto kwa maganda yaliyobeba mabaki ya fataki hata kama yameoshwa. Usikaushe kwa tochi ya gesi. Kitako cha ganda kikipata joto kali hulainika, na kitako laini hakiwezi kuhimili shinikizo la risasi ya bunduki. Ganda liwe kavu kabisa ndani kabla ya kuona baruti. Mimi husubiri mpaka siku ya pili hata ninapoamini kwamba limekauka.

Mpangilio wa kazi unaokufaa ni huu. Ukirudi kutoka uwanjani, vaa glavu, tenga maganda kwa aina, na uangalie yaliyoingiliana, kwani ganda la 9 mm huzama ndani ya la bastola ya .40 na yote mawili hutoka machafu. Ganda la chuma au la alumini liondoe. Ling'oe fataki kuukuu kwa kalibu ya kung'olea fataki pekee, ile ambayo haigusi ukuta wa ganda, ili udongo usikwaruze kitu, na ili maji yaweze kuingia na kutoka kwenye kikombe chake. Ganda la kijeshi lenye vitundu viwili vidogo badala ya kimoja cha katikati litavunja pini ya kung'olea, kwa hiyo chungulia kabla ya kubonyeza. Fataki zilizong'olewa ziangukie kwenye chupa yenye mfuniko. Kisha osha na ukaushe. Baada ya hapo paka mafuta ya kalibu na urudishe ganda kwenye ukubwa wake.

Hapa ndipo mashine ya rafiki yako na mfuko wa magunzi ya 20/40 vinapopata kazi. Maganda yaliyotoka kwenye kalibu yana mafuta, na dakika 20 hadi 30 ndani ya magunzi safi, bila dawa yoyote, zinayaondoa mafuta hayo na kuacha shingo ikiwa na utando mwembamba unaosaidia kichwa kuingia kwa ulaini. Kwa kuwa unga wa fataki umeshaondoka na maji, vumbi linalobaki ni la magunzi zaidi kuliko la kitu kingine. Hata hivyo fanya hivyo mlango wa gereji ukiwa wazi au nje kabisa, mfuniko ukiwa umefungwa, barakoa usoni, na uchekeche maganda polepole ndani ya ndoo yenye mfuniko. Nguo zinazofuliwa siku hiyo zisiwepo. Meza na sakafu zipangusie kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kwa sababu ufagio na kifyonza vumbi cha kawaida hulirudisha vumbi hewani. Nguo zako za kazi zifuliwe peke yake, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla hujagusa kitasa cha mlango wa ndani.

Ukizihifadhi chenga hizo kwa kazi hii moja tu, zitadumu muda mrefu. Zitupe zinapoanza kuwa nyeusi au zinapobaki na mafuta ukizifinya kwenye ngumi.

Kisha kaa dirishani na maganda yako ya .308, maana usafi wote huu ulikuwa pia kwa ajili ya dakika hizi. Shaba iliyosafishwa huonyesha mambo ambayo masizi huyaficha. Tazama shingo kama ina ufa, hata mwembamba kama unywele. Tazama kikombe cha fataki kama pembeni mwake pana weusi, dalili kwamba gesi ilikuwa inapenya. Zaidi ya yote, tazama sehemu ya juu kidogo ya kitako, mahali ambapo ukuta mnene unaanza kuwa mwembamba. Ukiona mstari mng'avu umezunguka ganda hapo, chukua waya mwembamba, ukunje ncha yake kama ndoano ndogo, uingize mdomoni na uikwangue kwa ndani kutoka chini kwenda juu. Ncha ikiteleza sawasawa, ganda ni zima. Ikinasa kwenye mfereji mahali pale pale penye mstari, ukuta umeshaanza kuachana na kitako, na ganda hilo likijazwa tena linaweza kukatika ndani ya chemba. Libane mdomo kwa koleo mpaka liwe bapa, ili lisirudi kwa bahati mbaya kati ya mazima, kisha ulitupe kwenye debe la shaba chakavu.